YAH: Malalamiko kuhusu chombo cha kurejesha mdundo wa mipira ya tenisi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa tenisi wa kujitolea. Ninao watoto 22, mdogo kabisa ana miaka 8 na mkubwa 14, na tunakutana jioni tatu kila wiki. Hatuchezei mipira mipya. Tunaokota ile inayoachwa na wachezaji wakubwa, ambao hufungua kopo, wakacheza siku moja au mbili, kisha wakaiacha kwa kuwa imeanza kulegea. Siwalaumu. Hata kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo, halafu kila baada ya gemu 9. Mpira unaotupwa namna hiyo mara nyingi manyoya yake bado ni mazima kabisa. Kilichopungua ni hewa ya ndani tu. Ndiyo sababu nilipoona chombo chenu, chepesi, cha kutia kwenye mkoba, chenye pampu yake ya mkono na geji kwenye kifuniko, nilikinunua siku hiyohiyo. Niliona kama kimetengenezwa kwa ajili yetu.

Leo ni wiki ya saba tangu nikinunue. Nimekwisha kuwaandikia mara mbili, na mara zote mbili nimepata jibu lilelile, neno kwa neno: mipira yangu imechakaa mno, nijaribu mingine. Naandika mara ya tatu kwa sababu jibu hilo si kweli, na safari hii ninavyo vipimo.

Kanuni za tenisi ziko wazi. Mpira wa kawaida ukiachiwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya sakafu ngumu unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Nilichora mistari ukutani kwa utepe wa kupimia, nikapanda ngazi, na mwenzangu akarekodi kila mdundo kwa simu ili tusibishane kwa macho. Kila mpira niliuachia mara tano. Mpira uliotoka kwenye kopo dakika ileile ulidunda sentimita 141, kwa hiyo najua sakafu yangu haina tatizo. Mipira 12 iliyotumika, niliyoichagua kwa kuwa manyoya yake ni mazima na haina ufa wowote, ilidunda kati ya 108 na 117. Niliiandika namba kwa kalamu ya wino mzito, nikaigawa minne minne, kama chombo kinavyobeba.

Minne ya kwanza niliiweka kwa kufuata karatasi yenu ya maelezo bila kuongeza wala kupunguza. Nilijaza hadi psi 30 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), nikasubiri saa 24. Mshale wa geji haukusogea hata nywele moja, nami nikafurahi, nikijua hewa imekaa. Nilipozungusha kifuniko sikusikia hewa ikitoka. Hata kidogo. Kifuniko nimekishika mkononi, mipira naiona, na mshale bado umesimama kwenye 30.

Naomba mlifikirie jambo hilo kwa makini, kwa sababu mengine yote yanaanzia hapo. Geji iliyokufa kwenye sifuri ingenionyesha mapema kwamba kuna hitilafu. Geji inayong'ang'ania 30 wakati chombo kiko wazi inamfanya mtu asubiri, aridhike, halafu ailaumu mipira yake, kama ninyi mlivyoilaumu. Niligonga kifuniko kwa ukucha, mshale ukashuka hadi 18. Nikagonga tena, ukaenda sifuri.

Mipira ile minne ilidunda vilevile kama jana yake. Mmoja uliongeza sentimita moja, na sentimita moja inaweza kuwa ni mkono wangu.

Ndipo nilipoacha kuiamini geji yenu na kuchukua geji ya tairi la gari, kwa kuwa vali yenu ni ya aina hiyohiyo. Nilijaza hadi 30 kwa geji ya tairi. Baada ya saa moja ilisoma 24. Baada ya saa sita, 13. Asubuhi, 4. Mnaweza kusema kwamba kila nikipima ninaachia hewa kidogo, na ni kweli, maana nafasi inayobaki ndani mipira ikishaingia ni ndogo. Kwa hiyo usiku uliofuata nilijaza tena na sikuigusa vali mpaka kulipokucha. Ilisoma 6.

Nikakizamisha chombo kwenye beseni la maji. Vali haikutoa povu lolote. Mapovu yalipanda kwa mfululizo kutoka ukingo wa kifuniko, upande mmoja tu, mahali palepale kila mara. Nilipokausha na kupitisha kidole kwenye mdomo wa chombo nilikuta mshono wa plastiki, ule unaobaki pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana kiwandani, umevuka moja kwa moja juu ya mdomo. Sili ya kifuniko inakaa juu yake. Sili nyembamba kama ile haiwezi kufunga juu ya kigongo, hata ukaze mpaka viganja viume. Nimekaza mpaka viganja vikaniuma.

Niliusugua mshono kwa msasa laini, taratibu, nikifuta vumbi na kupima, kisha nikapaka sili mafuta kidogo ya silikoni. Kazi ya dakika kumi. Tangu hapo chombo kinapoteza psi 3 tu kwa siku. Kama kazi hiyo ingefanyika kiwandani, barua hii isingekuwepo, au ingekuwa ya shukrani.

Minne ya pili niliiweka baada ya matengenezo hayo. Kila asubuhi nilirudisha hewa hadi 30 kwa geji ya tairi. Baada ya saa 24 nilipima: mipira iliongeza sentimita 1 au 2, si zaidi. Baada ya wiki moja yote ilikuwa imepita 120. Baada ya wiki tatu ilidunda 132, 133, 135 na 136. Miwili iko ndani ya kanuni na miwili imekosa kidogo sana. Ni mipira ileile niliyookota, iliyoachwa na watu walewale, yenye umri uleule. Haikuchakaa.

Kwa hiyo wazo la chombo chenu ni sahihi, na naliheshimu. Raba ya mpira wa tenisi hushika hewa lakini haiizuii kabisa. Inaipitisha polepole, siku hata siku, mpaka presha ya ndani, ambayo mpira ukiwa mpya huwa psi 12 hadi 14 hivi juu ya ile ya hewa ya nje, inaanza kulingana na ya nje. Ndiyo maana makopo huuzwa yakiwa yamefungwa kwa presha na hutoa ule mlio yanapofunguliwa. Ukiuweka mpira uliolegea kwenye presha kubwa kuliko ya ndani yake, hewa itarudi kupitia njia ileile. Lakini itarudi kwa mwendo uleule wa taratibu. Hewa iliyotoka kwa wiki kadhaa hairudi kwa usiku mmoja, na ninyi mnaotengeneza chombo hiki mnalijua hilo kuliko mimi. Basi kwa nini kwenye boksi, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa, mmeandika "mdundo mpya kwa saa 24"? Mngeandika wiki tatu, ningenunua vilevile. Mimi nina wiki tatu. Wengi wanaofundisha watoto wanazo.

Boksi hilo pia linasema chombo kinafaa kwa "mipira yote ya tenisi." Si kweli. Kuna mipira isiyo na presha ndani, inayodunda kwa unene wa raba yake peke yake, na hiyo haina hewa ya kurejeshewa. Tuliyonayo mitatu ya aina hiyo niliitoa mwenyewe kwenye jaribio. Mwingine hataijua, atasubiri bure.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lingetosha kunifanya niandike hata kama mengine yote yangekuwa sawa.

Wiki ya nne, nikiwa nimemaliza kujaza hewa, mtoto wa miaka 11 alitaka kunisaidia. Alichukua chombo akaanza kufungua kifuniko kama anavyofungua chupa ya maji. Nilikuwa hatua tano kutoka alipokuwa. Kifuniko kilipofika hesi ya mwisho kiliruka kwa kishindo, kikampita karibu na shavu, kikagonga uzio nyuma yake. Hakuumia. Alilia kwa woga, nami mikono yangu ilitetemeka jioni nzima.

Usiku ule nilipiga hesabu. Mdomo wa chombo chenu una kipenyo cha sentimita 7.5. Kwa psi 30, nguvu inayokisukuma kifuniko ni kama uzito wa kilo 90. Kilo 90 zimesubiri nyuma ya kifuniko cha plastiki, usawa wa uso wa yeyote anayekifungua. Niliisoma tena karatasi ya maelezo, pande zote mbili, nikitafuta mahali mlipoandika kwamba hewa itolewe kwanza kwa vali. Hamkuandika. Kwenye kifuniko chenyewe hakuna alama ya hatari wala mshale wa kuonyesha vali. Na geji ambayo ingemwonya mtu kwamba ndani bado kuna presha ndiyo hiyo niliyoieleza, isiyoaminika. Mimi sasa kifuniko hiki nakifungua mwenyewe, nimeshatoa hewa yote, na nimekielekeza mbali na watu. Lakini mimi ni mtu mmoja, na ninyi mmeuza vyombo vingapi?

Yawezekana huko ofisini mipira ya kuokota inaonekana ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mpira uliokufa unamfundisha mtoto vibaya. Unadunda chini ya goti, basi anajifunza kuinama na kuuchota. Hauendi, basi anaupiga kwa nguvu zote za bega, na kiwiko kinaanza kumuuma kabla hajafikisha miaka 12. Ninaye binti wa miaka 9 ambaye kwa miezi mingi aliamini mkono wake ni dhaifu. Siku nilipompa mpira namba 7, ule uliofika 136, alirudisha mipigo sita mfululizo kutoka mstari wa nyuma, akasimama akauangalia ule mpira. Aliniuliza kama ni mpya. Kwa hiyo sitaki chombo chenu kipotee. Nataka kifanye kazi kwa kila aliyekinunua, si kwa aliyebahatika kuwa na msasa na geji ya tairi.

Naomba, kwanza kabisa, kila mliyemuuzia aarifiwe bila kuchelewa kwamba hewa lazima itolewe kwa vali kabla ya kufungua kifuniko, na alama hiyo ichapwe kwenye kifuniko chenyewe, maana karatasi hupotea. Hilo halihitaji kusubiri majadiliano kati yangu na ninyi. Kisha naomba nirudishiwe fedha zangu zote, au nipelekewe chombo kingine ambacho mdomo wake umekaguliwa na geji yake imepimwa kwa kulinganishwa na nyingine. Mkichagua kunipa kingine, nitakipima kama nilivyokipima hiki, nami nitawaandikia matokeo yawe mazuri au mabaya. Maneno ya saa 24 yaondolewe kwenye boksi, na mueleze wazi aina ya mipira isiyofaa. Mwisho, naomba jibu lenu mliloniletea mara mbili lifutwe kwenye kumbukumbu za malalamiko yangu. Limeandikwa pale kwamba kosa lilikuwa la mipira ya watoto hawa, na halikuwa lao.

Naambatanisha nakala ya risiti, picha za mshono kabla na baada ya kuusugua, video ya mapovu kwenye beseni, video ya mshale uliosimama kwenye 30 kifuniko kikiwa wazi, na jedwali la midundo ya mipira yote 12. Minne ya mwisho sikuiweka kwenye chombo. Niliiacha mezani kwa wiki hizo tatu ili niwe na cha kulinganisha, na imeshuka kwa sentimita 2 hadi 4. Namba ya toleo iliyogongwa chini ya chombo inaonekana kwenye picha ya tatu, nadhani itawasaidia kujua kalibu ipi ina kasoro na vyombo gani vingine vilitoka nayo.

Nategemea kupata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kutoka kwa mtu aliyezitazama video hizo. Nisipoyapata nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji na ubora wa bidhaa, hasa kwa sababu ya kifuniko. Chombo bado ninacho. Nitakirudisha mara tu mtakaponieleza njia ya kukituma kwa gharama zenu, kikiwa hakina hewa ndani.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa kujitolea na mteja wenu