Kichocheo cha sumaku kinachochoka mapema: kagua haya kabla ya kununua kingine

Anayeoksidisha (kuunganisha na oksijeni) saikloheksani au ethilibenzini, vimiminika vya hidrokaboni, kwa kichocheo (unga unaoharakisha mmenyuko) chenye kiini cha magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, huona jambo hili mara nyingi: mzunguko wa kwanza wa kutumia unga ni safi, wa tatu mazao yameporomoka, na bado sumaku inanasa unga wote. Sumaku hunasa kiini tu. Kobalti, shaba au manganizi iliyofungwa kwenye ganda la silika, ambayo ndiyo inayofanya kazi, huenda imeng'oka na kumwagwa na kimiminika. Hapo usafi wa mazingira uliokufanya ununue kichocheo hiki umepotea, maana metali imeingia kwenye maji taka.

Kupima ni rahisi. Mmenyuko ukifika nusu, bandika sumaku ubavuni mwa chupa ikiwa bado ya moto, mimina kimiminika kwenye chupa nyingine yenye joto lilelile, kisha endelea kukoroga saa 2. Mmenyuko ukiendelea kwa kasi ileile, metali imevuja. Usisubiri kipoe, kwa sababu metali iliyoyeyuka inaweza kurudi kwenye ganda na kukudanganya. Pia endesha pembeni chupa ya kulinganishia isiyo na kichocheo, kwani radikali huru (vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenza) zinaweza kuendelea zenyewe kwa muda. Sumaku za kawaida za neodimiamu hupungua nguvu zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, basi iondoe mara ukishamimina.

Povu jingi unapoongeza haidrojeni peroksidi ya asilimia 30, inayotoa oksijeni ya mmenyuko, ni dalili nyingine: huenda ganda lina matobo, na chuma cha ndani kinaivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni kabla haijafika kwenye saikloheksani. Loweka unga kidogo katika tindikali ya haidrokloriki ya mola 1 kwa lita usiku kucha. Kimiminika kikigeuka njano, chuma kinatoka. Ganda likiwa zima, bado tonesha peroksidi polepole kwa saa nzima, usiimimine yote mara moja.

Koroga kwa fimbo inayozungushwa na mota kutoka juu. Sumaku ndogo ya kukorogea hujikusanyia unga wote, na kimiminika kinabaki bila kichocheo.

Kuosha: ethanoli mara 2 au 3, kisha kausha kwa nyuzi 60. Besi kali huyeyusha silika. Asetoni marufuku kabisa palipobaki peroksidi: zikikutana, hasa penye tindikali, huzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Kwa saikloheksani, pima sampuli mara mbili kwenye kromatografia ya gesi (mashine ya moto inayotenganisha na kupima viambato), kabla na baada ya kuongeza trifenilifosfini, inayogeuza haidroperoksidi kuwa saikloheksanoli. Haidroperoksidi (zao la kati la mmenyuko) iliyobaki huvunjikia ndani ya mashine na kuonekana kama saikloheksanoli na saikloheksanoni, ukadhani ketoni, yaani saikloheksanoni, ni nyingi kuliko ilivyo.

Ukitaka tukukagulie, tuma gramu 0.2 za unga uliotumika, mkavu na usio na peroksidi, pamoja na mililita 5 za kimiminika cha mzunguko wa kwanza. Hicho kimiminika ndicho tunachoanza nacho.