Barua kwa Dada Mariamu: naomba uwe mnara wetu

Soroti, Jumapili jioni

Mpendwa Dada Mariamu,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na mzee na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Vumbi la Soroti na joto lake unavijua, sina haja ya kuvieleza. Kimya changu kimekuwa kirefu, na bila shaka Hadija amekwisha kukuambia kwamba nimerukwa na akili, kwamba kila Jumamosi najifungia chumbani na watoto wa watu tukicheza ndege za kwenye kompyuta. Kuhusu kujifungia amesema kweli, maana tukiacha mlango wazi shule nzima huingia. Kuhusu kucheza ndiko hasa kulikonifanya nishike kalamu, kwa sababu nina ombi kwako, wewe ambaye kazi yako ni kuongoza ndege ukiwa mnarani, na ombi lenyewe halieleweki bila maelezo.

Zile kompyuta nne ambazo Mzee Opolot alizitoa kwenye ofisi iliyofungwa zilikaa stoo bila kazi mpaka nilipozifuta vumbi na kuweka FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani ambayo watu wa kujitolea walianza kuitengeneza katika miaka ya 1990, na ambayo haichagui sana mashine. Ndani yake mna ndege ndogo ya Cessna 172, na ukiipakulia ramani unaupata uwanja wa Entebbe pamoja na ziwa lake. Wanafunzi wangu ni wa darasa la sita na la saba. Wamezaliwa katika mji wenye chuo cha urubani tangu mwaka 1971, enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, na ndege za mafunzo hupita juu ya mabati ya nyumba zao hata hawainui tena vichwa kuzitazama. Lakini sijakutana na mtoto hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba ndege ile inaongozwa kwa hesabu zilezile anazozikimbia darasani.

Nilianza na hizo hesabu. Niliwaonyesha kwamba njia ya kurukia ya Entebbe imeandikwa 17 upande mmoja na 35 upande wa pili, nikawauliza sababu. Walinyamaza mpaka Akello, yule binti wa marehemu fundi cherehani, alipotoa moja katika nyingine, akapata 18, akaongeza sifuri, kwa kuwa namba hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho, na kusema kwamba ni nyuzi 180, yaani ukigeuka ukaangalia ulikotoka. Tangu hapo sijapata tabu ya kufundisha pembe. Wanajua kwamba ndege inayokwenda kwa kasi ya fundo 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, hukata maili moja na nusu ya baharini kwa dakika, na kwamba ikishuka kwa pembe ya nyuzi tatu, unazidisha 90 mara tano ili upate futi za kushuka kila dakika, ambazo ni 450. Walipouliza kwa nini kipimo cha mwinuko hakisomi sifuri ilhali ndege imesimama chini, somo la jiografia likajileta lenyewe, kwa maana uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Mtoto ambaye darasani hunizungusha kwa zidisha ya kawaida hufanya haya yote kichwani huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Kompyuta ina kitufe cha kuanza upya na kingine cha kusimamisha ndege hewani, na vitufe hivyo viwili vimekuwa maadui zangu. Opio alikuwa akija kutua kwenye njia namba 35, anatokea upande wa ziwa, kasi yake fundo 65 kama ipasavyo, lakini alikuwa ameshuka mapema mno na maji yalikuwa yakimkaribia. Akafanya kosa ambalo hata wanaojifunza kwa ndege halisi hulifanya: aliinua pua ili ndege ifike mbali zaidi, bila kuongeza nguvu ya injini. Niliiona sindano ya kasi ikirudi 60, 55, 50, mpaka mabawa yakashindwa kuibeba ndege nayo ikadondoka ziwani. Darasa zima lilicheka, yeye akiwa wa kwanza, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe na yuko tena angani anamalizia muwa wake. Nikajiuliza mtoto huyu amejifunza nini hapo, ikiwa kuanguka kwa ndege hakumgharimu hata tonge la muwa.

Ndipo nikaweka sheria kwamba anayeangusha ndege huondoka kitini, huandika ukurasa mmoja kueleza kasi yake, mwinuko wake na jambo la kwanza alilolifanya alipoona hatari, kisha huwasomea wenzake. Sheria hiyo imesaidia sana. Ukurasa wa Opio niliubandika ukutani. Ila watoto ni watoto. Walihamia kwenye kile kitufe cha pili, na sasa kila mambo yakiwa magumu ndege hutundikwa hewani kama shati kwenye kamba, wao wakajadiliana, wakapiga hesabu kwenye karatasi, wakaifungulia iendelee. Wanatua vizuri mno kwa mtindo huo, na hapo ndipo Mzee Opolot anapopata nguvu ya kusema kwamba huu ni mchezo na kwamba darasa la saba wana mtihani wa kitaifa.

Nilimjibu kwamba hata aliyeanzisha mambo haya aliambiwa vivyo hivyo. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, aliunda kijindege kisichokwenda popote, kinachoinama na kuinuka kwa mivukuto ya kinanda, na mwanzoni wanunuzi wake walikuwa wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani wake wakaanza kufa katika ukungu na giza, ndipo liliponunua sita; katika Vita vya Pili vya Dunia vikafundisha maelfu kwa maelfu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hata hivyo kompyuta zinakula umeme.

Lakini narudi kwenye kitufe, maana nimeipata dawa yake, na dawa hiyo ni wewe. Jumamosi iliyopita nilitoka nje na simu ya Madamu Florence, nikampigia Akello aliyekuwa ndani na simu yangu mezani, nikajifanya mnara. Nikamwita kwa jina la ndege yake, linaloanza na 5X kama ndege zote za Uganda, nikamtaka ataje mwinuko. Florence anasema binti alisimamisha ndege kama kawaida yake, lakini sauti yangu ikaendelea: nakusikiliza, taja mwinuko wako. Akatazama simu, akamtazama Florence, kisha akaifungulia ndege mwenyewe kwa sababu aliona haya kumweka mtu akisubiri. Alitua vibaya, akiruka-ruka kwenye lami, lakini alitua bila kusimama.

Tatizo ni kwamba mimi si mwongozaji wa ndege. Upepo niliutaja kwa kubahatisha, na aliponirudia maagizo nilishindwa kujua kama ameyarudia sawasawa, ingawa wewe ndiwe uliyenieleza zamani, tukiwa bado Walukuba kule Jinja, kwamba rubani lazima arudie namba ya njia na ruhusa aliyopewa, na kwamba asiporudia, mnara haumwachii. Najua kuna mtandao wa VATSIM, tangu mwaka 2001, ambako watu hujitolea kuwa mnara kwa marubani wa kompyuta, lakini bando letu huisha kabla ya mtoto kufika kwenye njia ya kurukia. Nami napendelea sauti itakayomkemea Opio kwa jina lake.

Usiogope kwamba nawapa ahadi za uongo. Nimewaambia kwamba leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, baada ya saa zisizopungua 40 za kuruka, kwamba gharama yake ni kubwa, na kwamba saa zetu za Jumamosi hazihesabiwi hata moja. Mama yake Akello aliponiuliza kama binti atakuwa rubani, nilimjibu kwamba atakuwa hodari wa pembe. Nimewaambia pia kwamba kiti chetu hakitikisiki na tumbo halipandi kooni, na kwa kuwa macho yao hayabanduki kwenye vipimo, mara nyingine navifunika kwa kipande cha boksi ili wajifunze kuangalia nje.

Basi niambie, dada: zamu zako zimekaaje mwezi huu? Je, kuna Jumamosi ambayo uko nyumbani kuanzia saa nane mchana, hata kwa saa moja tu? Nikikupigia mimi, gharama ikiwa yangu, mzee wako hatakasirika? Je, kazini kwenu wanaruhusu mtu kufanya jambo kama hili akiwa nje ya zamu, au niende kwanza kumwomba mkubwa wako kwa barua? Maneno ya redioni ni Kiingereza, lakini je, unaweza kuwaeleza makosa yao kwa Kiswahili wakimaliza? Na mtoto akikaa kimya redioni kwa hofu, ninyi mnarani humsubiri kwa muda gani kabla ya kumwita tena? Nijibu hili la mwisho hata kama mengine yote utayakataa, maana Jumamosi ijayo zamu ya kuruka ni ya Opio.

Wako,
Zaituni