"Kocha, nifundishe kubana pumzi": mbona hatuanzi na hiyo

Karibu kila mtu mzima anayejiandikisha kwetu hapa Mbeya kujifunza kuogelea, awe jamaa wa Mwanjelwa au dada aliyetoka Tukuyu, swali lake la kwanza ni kocha nitaweza kubana pumzi muda gani, na vijana ndo kabisa, wao wanataka dakika mbili chini ya maji wakaonyeshane Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa. Tunawaambia hapana, kwanza utajifunza kutoa pumzi, na kuna wanaonuna kabisa wanaona hela yao inaliwa kwa kupuliza mapovu. Sasa ngoja tuelezee vizuri maana hii ishu inahusu jinsi mwili unavyoendesha pumzi, ukiielewa hutatulaumu.

Saa hizi unasoma hapa huku unapumua, mtu mzima aliyetulia ni kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika, na ulikuwa huna habari mpaka tumekutajia, sasa ushaanza kujisikilizia si ndio? Hapo ndo penyewe. Amri ya kupumua inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni shina la ubongo, huku chini kisogoni ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hiyo haina likizo, uwe umelala, unaangalia mpira, unagombana na mtu, yenyewe inaiamuru tu diaframu (ule msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo) ivute, iachie, ivute, iachie. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, kina Jeffrey Smith na Jack Feldman, walionyesha kwa panya wachanga kikundi kidogo cha seli za neva kinachotoa huo mdundo. Ya pili iko juu, ubongo uleule unaoutumia kunyanyua mkono, ndo unaotumia ukiimba kwaya, ukipuliza jiko la mkaa au ukijaza kifua kabla ya kuzama. Wapo watoto, ni wachache sana, wanazaliwa na tatizo la vinasaba ambapo ile ya kwanza haifanyi kazi inavyotakiwa, wengi wao mchana wako sawa tu ila wakisinzia pumzi inafifia mpaka mashine iwasaidie.

Basi ukibana pumzi maana yake ile ya juu imeiambia ya chini subiri kwanza. Inasubiri, lakini haisubiri milele, na hapa watu wengi wanakosea, wanadhani kinachowatoa mbio majini ni oksijeni kuisha. Kwa kawaida sio. Ni hewa ukaa imejaa. Hili linajulikana tangu 1905, Waingereza Haldane na Priestley ndo waliolionyesha: hewa ukaa ikipanda kidogo tu upumuaji unaongezeka, kwa sababu inaifanya damu iwe na asidi zaidi na shina la ubongo linahisi haraka sana. Oksijeni nayo ina sensa zake kwenye mishipa mikubwa ya shingoni, Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Nobel ya 1938 kwa kazi hiyo, ila hizo zinashtuka kwa nguvu oksijeni ikiwa imeshuka sana.

Njoo Jumamosi uangalie mwanafunzi mgeni. Ameshika ukingo wa bwawa, mashavu yamevimba, kichwa kimezama, sekunde chache tu tumbo linaanza kurukaruka lenyewe, hiyo ni diaframu inadai haki yake, anachomoka, na kwa kuwa kifua bado kimejaa hewa ya zamani inabidi aitoe kwanza alafu ndo avute, muda huo mdomo ushazama tena, anakunywa maji, anakohoa, anasema kocha mimi sina pumzi. Pumzi unayo bwana, tena nyingi! Ile hewa unayoitoa bado ina oksijeni kama asilimia 16, wakati ya nje ina 21. Ndo maana tunamfundisha kutoa mapovu taratibu puani kichwa kikiwa ndani, akigeuza uso anakuwa na kazi moja tu ya kuvuta. Wengi hapo ndo wanaanza kuogelea.

Sasa wale vijana wa Matema. Wana mtindo wa kuhema harakaharaka kwa nguvu kabla ya kuzama, wanasema wanajaza oksijeni, na kweli wanakaa chini muda mrefu zaidi. Lakini damu ya mtu mzima wa afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, kuhema hivo hakuongezi cha maana, kinachofanyika ni kuipunguza hewa ukaa. Ni kama mita ya umeme ya LUKU, kuzima ile sauti inayolia hakukuongezei uniti hata moja. Oksijeni inaisha kabla hamu ya kuvuta hewa haijaja, kijana anazimia palepale chini bila kupiga kelele wala kurusha mikono, na wenzake juu bado wanahesabu. Kwetu ukifanya hivo unatoka majini siku hiyo, hatubembelezi.

Kuna na baridi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Matema ni chini ya 500, kwa hiyo maji ya bwawa letu mwezi wa 6 na wa 7 siyo ya ziwani hata kidogo. Ukijirusha ghafla kwenye maji ya baridi mwili unavuta hewa wenyewe, haaah!, na hiyo huwezi kuizuia kwa ubishi, kama uso uko chini umevuta maji. Ingia kwa ngazi, lowesha shingo na kifua, subiri upumuaji utulie ndo uanze.

Watu wazima ni Jumamosi asubuhi, watoto mchana jua likishapasha maji. Wazazi mnaouliza kuhusu mwenye pumu, tunampokea kama daktari wake ameridhia, ila inhela ikae pembeni ya bwawa tunapoiona, siyo kwenye begi ndani ya gari.