Kulima kwa magunia si haramu

Mhariri,

Sisi tunakaa Umoja, nyumba ya kupanga, na tangu mvua ya Machi tumeanza kulima kwa magunia maana kununua sukuma kila jioni kulikuwa kunatumaliza. Mke wangu ndo fundi, anaweka mkebe uliokatwa juu na chini katikati ya gunia, anaujaza kokoto, pembeni udongo na mbolea, halafu anauvuta mkebe juu pole pole akiongeza kokoto na udongo mpaka gunia lijae, hapo maji yanafika chini, kisha anatoboa ubavuni anapanda miche. Maji ni yale ya kuosha mchele. Saa hii tuko na magunia sita ya mboga, sukuma, managu na terere, na kuku wanne (jogoo tulimchinja, majirani walichoka na kelele zake). Unga na mafuta bado ni dukani, sitadanganya mtu.

Shida ni keateka, yule msimamizi wa nyumba, anasema eti kulima mjini ni haramu. Na si kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini 2015? Tafadhali ielezeeni kwa Kiswahili rahisi, nikate hiyo karatasi nimbandikie kwa geti.

Baba wa watatu,
Umoja, Nairobi