Msituishie Warumi 13 mstari wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya ibada ya shukrani ya mheshimiwa mmoja wa pande zetu, mliyoipamba kwa picha ya hema jeupe na keki ndefu, imenitoa katika kimya changu. Nawasoma tangu nilipokuwa bado nafundisha, wala sijawahi kuwaandikia. Mambo ya siasa nimewaachia vijana wenye sauti. Ila mliandika kwamba mhubiri wa siku hiyo alisema anayemlaumu kiongozi anamlaumu Mungu aliyemweka, na mwandishi wenu hakumuuliza hata swali moja. Mkayachapa maneno hayo kwa herufi nene. Herufi nene, Mhariri!

Niseme mapema nisije nikaitwa mpagani. Mimi ni muumini wa Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, nimefunga ndoa kanisani, na sare yangu ya Umoja wa Akina Mama imepauka kwa kufuliwa. Kwamba Mungu ndiye Bwana wa mataifa, hilo naliamini bila kigugumizi. Danieli 2:21 inasema yeye huwauzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme. Kuuzulu ndiko kumetangulia hapo, lakini kwenye hema jeupe walisoma kumilikisha peke yake.

Nina sababu ya kukasirika, na si ya vitabuni. Kijijini kwetu, hapa Busia, tuna kisima cha kupampu karibu na kanisa. Pampu ilipokufa kila nyumba ilitoa mchango, hata wajane, hata yule jirani yangu anayeuza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni kwa vifungu. Pesa tulimkabidhi kiongozi mmoja wa hapo, jina lake naliacha, anajijua. Mvua zikaja zikaisha, kisima kikabaki na mnyororo na kufuli. Siku moja baada ya ibada tukabaki kwa mkutano, nikasimama nikauliza kwa adabu zote pesa zetu ziko wapi. Mwenyewe hakujibu. Aliyejibu ni mwinjilisti, aliyekuwa tayari ameshafungua Biblia kana kwamba walipanga: "Mama, hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na ile iliyopo imeamriwa na Mungu. Ukiuliza hivyo unashindana na agizo la Mungu." Watu wakaitikia amina. Amina ya nini? Mtu amekula pesa za pampu, sasa Mungu ndiye abebeshwe deni? Nikaambiwa nikae, nikakaa. Wajukuu zangu hadi leo wanachota maji kwenye kijito kile kile wanakonyweshea ng'ombe, na kiongozi wetu Jumapili anakaa kiti cha mbele, chenye kitambaa.

Nilipofika nyumbani nilifungua Warumi 13 mwenyewe, nikaisoma polepole kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la nne. Mstari wa nne unasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Mtumishi! Mtumishi aliyetumwa sokoni na pesa za mwenye nyumba akarudi mikono mitupu huulizwa, tena huulizwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kama kweli Mungu ndiye aliyemweka huyu mtu wetu, basi ana hesabu mbili za kutoa, kwetu na kwake aliyemweka. Mimi nilikuwa namkumbusha ile nyepesi.

Na Biblia imejaa watu waliouliza. Daudi alitiwa mafuta na Samweli kwa amri ya Mungu. Nani aliwekwa na Mungu kumpita Daudi? Bado nabii Nathani, Daudi alipokosa, aliingia ikulu akamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakuna aliyemwambia Nathani kwamba anashindana na agizo. Pilato aliambiwa na Yesu kwamba mamlaka yake amepewa kutoka juu, na kupewa huko hakukuifanya hukumu yake iwe ya haki. Nebukadreza mfalme wa Babeli, ambaye kwa kinywa cha Yeremia Mungu alimwita mtumishi wake, alikula majani kama ng'ombe kwa kujisifu juu ya dari ya jumba lake.

Tena hatuna haja ya kwenda Babeli, sisi Waganda wa nchi hii kubwa na makabila yake yote. Kila tarehe 3 Juni tunajaa Namugongo, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima. Tunakwenda kuwaheshimu akina nani? Vijana ambao kati ya 1885 na 1887 walimkatalia Kabaka Mwanga, mfalme halali kabisa wa Buganda, kuacha imani yao, wakauawa: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kwa mahubiri ya hema jeupe, wale walikuwa waasi. Mwanga mwenyewe aliondolewa, akarudishwa, akaondolewa tena, akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa na kuitwa Danieli. Mfalme aliyewachoma wasomaji wa dini akafa na jina la nabii aliyeandika kwamba Mungu huwauzulu wafalme. Hapo ndipo mimi naogopa enzi ya Mungu, Mhariri, si kwenye keki.

Halafu kuna Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa letu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na upekuzi. Hawakuandika kwamba Amin hakuwa rais. Walimwandikia kwa sababu alikuwa rais. Tarehe 16 akauawa pamoja na mawaziri wawili, serikali ikatangaza ajali ya gari, na kaburi lililochimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe kando ya Askofu Hannington, aliyeuawa enzi za Mwanga, likabaki tupu, kwa kuwa mwili ulipelekwa kijijini kwao Mucwini. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Viongozi wetu hukaa mstari wa mbele siku hiyo, wanaimba, wanapiga picha. Kesho yake ukiuliza habari ya pampu, unasomewa mstari wa kwanza.

Nisiwaonee wa upande mmoja. Wakati wa uchaguzi walitokea manabii wa upande wa pili, kila mmoja ameoteshwa jina la mshindi, na majina hayakufanana. Hao nao wangetuachia Mungu wetu kidogo apumzike.

Na maadamu nimeshaanza: hii minada kanisani itaisha lini? Mtu analeta jogoo, mheshimiwa ananunua kwa pesa ya kununulia ng'ombe, watu wanapiga makofi, kisha anapewa kipaza sauti dakika arobaini na mchungaji anasubiri na mahubiri yake mkononi. Kipaza sauti chenyewe usiku wa mkesha kinanguruma mpaka alfajiri, wagonjwa na watoto wa shule hawalali. Jogoo yule, naambiwa, hurudishwa anadiwe tena.

Nembo ya taifa letu imeandikwa Kwa Mungu na Nchi Yangu. Nimeitazama kwa miwani, jina la mheshimiwa halimo.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na naomba mlichape kwa herufi nene pia. Kila mhubiri atakayesoma Warumi 13:1 mbele ya kiongozi bila kufika mstari wa nne atozwe mfuko mmoja wa saruji, papo hapo, kabla ya sadaka. Akisoma mbele ya mbunge, mifuko miwili. Akisoma huku amevaa koti alilonunuliwa na kiongozi huyo huyo, aongeze na nondo. Kwa jinsi mambo yalivyo, kabla ya Krismasi tutakuwa tumejengea visima vya gombolola nzima, yaani tarafa yetu yote. Ila saruji hiyo itunzwe nyumbani kwa yule jirani yangu wa mukene, maana anajua kuhesabu, na funguo za stoo asipewe mwinjilisti wala yule wa kiti chenye kitambaa.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu, Busia