Kwa wajukuu zangu mnaomaliza chuo: msitoke Tudor bila kuaga

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nyinyi mnaofanya mitihani ya mwisho pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mliopanga vyumba huku kwetu Tudor, na karibuni mtafunga mabegi. Mtaa huu umewalea wengi kabla yenu. Chuo chenu kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa Politekniki, na kabla ya hapo wazee wetu walikiita MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, vijana wa Kiislamu wakija kujifunza ufundi. Wote hao walikuja wakaondoka. Sisi tunaobaki tunakumbuka nani aliondoka vipi.

Juu ya mitihani sina mengi, walimu wenu wapo. Mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, usiingie nayo, na usiku wa kuamkia karatasi lala. Lakini mwenye salio la karo asijifungie chumbani mpaka anyimwe kadi ya mtihani. Nenda ofisini mapema, useme una kiasi gani na kilichobaki utakileta lini. Aliyejitokeza mwenyewe husikilizwa kuliko aliyefuatwa. Na ukianguka karatasi, utairudia. Ila mwambie mama yako wewe mwenyewe, kabla hajaanza kuchangisha watu nauli ya kuja mahafali.

Furahini, mmestahili. Najua mkimaliza wengi mtakwenda ufukwe wa Pirates kukesha, na hapo nataka mnisikilize vizuri. Wengi mmetoka bara, bahari mmeijulia ukubwani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yakitoka hukimbilia milango ya mwamba kwa nguvu asiyoiweza hata anayejua kuogelea. Msiingie majini usiku. Aliyekunywa asiingie hata mchana. Na kabla hamjapanda matatu ya kurudi, jihesabuni kama mmetimia.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kila mwaka kuna wanaohama usiku. Godoro linashushwa watu wamelala, asubuhi chumba ki wazi, kodi haijalipwa, na mama wa mahamri amebaki na daftari. Mama huyo alikupa mahamri na mbaazi mwezi ambao mkopo ulichelewa. Hakukuuliza kitambulisho. Alikuandika jina tu, akakwambia ule, usome. Dawa ya deni ni kulipa, na kama huna zote, nenda kamwambie ana kwa ana, kisha mtumie kidogo kidogo kwa M-Pesa hata ukiwa Kitale. Atakungoja. Wanawake hawa nawajua, kinachowauma si shilingi mia tatu, ni kukimbiwa na mtoto waliyemlisha.

Mwenye nyumba mpe notisi mapema, wewe naye mkione chumba pamoja kabla ya kudai dipoziti yako. Hilo ni jepesi.

La uzito ni kuombana radhi. Huku pwani mtu hafungi safari hivi hivi. Hupita kwa jirani akasema, niwie radhi kwa niliyokukosea, nikijua na nisipojua. Fanyeni hivyo. Mmeishi wanne chumba kimoja, mmegombania tokeni za stima na zamu ya kupika, wengine hamjasemezana tangu muhula uliopita. Mkishatawanyika, mmoja Lodwar mwingine Lunga Lunga, hamtakutana tena kwa urahisi, na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp hautoshi. Gonga mlango wake. Mpitieni na askari wa langoni aliyewafungulia usiku, na msusi, na yule mzee wa msikitini aliyekuwa akiwaulizia mkiugua.

Na wewe kijana uliyemwambia binti wa watu kuwa utarudi na posa, nawe moyoni hujui kama utarudi, mwambie kweli kabla ya kwenda Mwembe Tayari kukata tiketi. Atalia, ndiyo. Lakini hatakaa miaka akikataa wachumba kwa ajili yako. Binti nawe vivyo hivyo.

Wenye mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mwaka mmoja baada ya kumaliza mtaanza kudaiwa, kwa riba ya asilimia 4, na anayenyamaza hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kama hujapata kazi, waandikie. Usibadilishe laini ya simu ukadhani umesahauliwa. Pesa hizo wanazingoja wadogo zenu walio kidato cha nne leo.

Mkirudi kwa mahafali, waleteni wazazi wenu kwangu. Nataka kuwaona waliowazaa, niwaambie nilivyowaona mkikaa na watu. Nijulisheni siku moja kabla mtakuwa wangapi, niroweke mbaazi za kutosha.

Bibi yenu wa Tudor