Kabla hamjashuka studio: barua ya wazi kwa kwaya ya vijana

Wajukuu zangu wa kwaya ya vijana, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia fedha za kurekodi zimetimia na mwezi ujao mnashuka Tanga na nyimbo nane. Hongereni. Kwenye mnada wa mavuno nilinunua mkungu wenu wa ndizi kwa bei ambayo hakuna mkungu duniani unaoistahili, kwa hiyo najihesabu mdhamini, na mdhamini ana haki ya kusema. Ningeweza kuwaita nyumbani tukayamaliza kwa chai. Lakini nyimbo zenu tayari zinazunguka kwenye simu za watu kutoka Mlalo mpaka Soni, basi na neno langu nimeona liende wazi.

Sina ugomvi na sauti. Besi mwaka huu zimekaa, na yule binti wa sauti ya kwanza Mungu amtunze. Ugomvi wangu ni na maneno, tena ya nyimbo tatu tu.

Niwaambie kwanza kwa nini mzee mzima anakosa usingizi kwa ajili ya maneno ya wimbo. Babu yangu alibatizwa ukubwani na hakujua kusoma. Biblia ya nyumbani ilikuwa ya kufunguliwa na wengine. Lakini alipokuwa akilima, akichunga, akiota moto jioni, aliimba, na yote aliyoyajua juu ya Mungu yalikuwa ndani ya nyimbo hizo. Kama nyimbo zingemdanganya, angekufa amedanganyika, na asingekuwa na pa kwenda kuhakikisha. Mahubiri, kwa heshima zote kwa wachungaji wetu, watu huyasahau kabla wali haujaiva. Wimbo haumtoki mtu. Nimekaa kitandani kwa wagonjwa ambao majina ya watoto wao yamewatoka, lakini ukianzisha wimbo wanaitikia, na beti zote wanazo.

Jambo hili halikugunduliwa na kwaya zetu. Mwanzoni mwa karne ya 4, huko Alexandria, Misri, palikuwa na kasisi aitwaye Arius. Alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Wa kwanza, mkuu kuliko vyote, lakini kiumbe. Kulikuwa na wakati, alisema, ambapo Mwana hakuwako. Na hakuyaacha mafundisho hayo mezani kwa wasomi. Inasimuliwa katika historia ya kanisa kwamba aliyatungia nyimbo: za mabaharia, za wasaga nafaka, za wasafiri barabarani, kwa mahadhi yenye kupendeza masikioni. Yaani alifanya kazi yenu hasa, na aliifanya vizuri. Kufikia mwaka 325 ugomvi ulikuwa umepanda hata Kaisari Konstantino akawaita maaskofu wapatao 300 katika mji wa Nikea, ambao leo uko Uturuki. Ndiko yalikotoka maneno tunayoyakiri siku za sikukuu: Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli, aliyezaliwa, asiyeumbwa. Shemasi mmoja kijana, Athanasius, alikuwa amefuatana na askofu wake kwenye mkutano huo. Mwaka 328 akawa yeye askofu wa Alexandria, na kwa kulishika neno hilo akafukuzwa mjini mwake mara 5. Kijana wa Afrika huyo, wa umri wenu au zaidi kidogo. Kila ninapowasikia mkiikariri Imani kwa mwendo wa kondakta anayetaja vituo, namkumbuka yeye.

Mtaniuliza kulikuwa na haja gani ya kung'ang'ania hivyo. Wajukuu zangu, mdaiwa hawezi kumlipia mdaiwa mwenzake. Kama aliyetundikwa msalabani ni kiumbe tu, hata kiwe bora namna gani, basi Mungu mwenyewe alibaki mbali, akamtuma mwingine aende akaumie. Sisi tunakiri kwamba alikuja mwenyewe. “Naye Neno alikuwa Mungu,” anasema Yohana, na mistari michache baadaye Neno huyo anafanyika mwili. Ukiondoa hapo, Injili yote inakuwa nasaha, na nasaha tulikuwa nazo nyingi kabla ya misheni kufika Usambara.

Sasa wimbo wenu wa tatu, ule wenye ngoma. Mnaimba kwamba Baba alivua utukufu akaitwa Mwana, Mwana akapaa, akarudi akaitwa Roho. Wimbo mtamu, mguu wangu wenyewe ulinisaliti nikaugonga chini ya benchi. Lakini wiki hiyohiyo nikampelekea suruali jirani yangu fundi cherehani, Mwislamu mcha Mungu, tumezoeana miaka mingi. Akaniuliza bila kejeli, “Mzee, hivi Mungu wenu anabadilisha kanzu?” Nikacheka kwanza, kisha nikanyamaza, maana wimbo wenu ulikuwa umesema hivyohivyo.

Hatuamini hivyo. Someni Mathayo 3. Mwana yuko majini, mto Yordani, amelowa. Roho anashuka kama hua. Na sauti kutoka mbinguni inasema, “Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye.” Kama ni mmoja aliyebadilisha vazi, nani alikuwa anasema na nani? Na kule Gethsemane, Yesu alikuwa akimlilia nani, kivuli chake? Nafsi tatu, Mungu mmoja: Baba si Mwana, Mwana si Roho, na miungu si mitatu. Hilo halijai kichwani mwangu, na sijaona kichwa lilimojaa. Lakini ndivyo alivyojifunua, na afadhali niseme kisichonienea kuliko kumkatia Mungu nguo ya kimo changu.

Hapa niungame. Kosa hilo huenda mmelipata kwangu. Kwa miaka mingi ya Kipaimara niliwafundisha watoto kwa mfano wa maji, barafu na mvuke. Ni mfano rahisi, watoto wanaupenda, na ni kosa lilelile: maji yakiwa barafu si mvuke tena. Mchungaji mmoja kijana alinirekebisha mbele ya wazee wa kanisa. Niliudhika siku mbili. Ya tatu nikaenda kumshukuru. Nanyi naomba siku mbili zenu zisizidi.

Wimbo wa tano sitauchukulia muda. “Panda mbegu ya fedha, uvune wokovu.” Ufuteni. Yule mnyang'anyi msalabani alipanda nini? Mikono yake ilikuwa imefungwa hata kama angekuwa na shilingi. Alisema tu, “Nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako,” na akaingia siku ileile. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, nayo ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Tunatoa sadaka kwa sababu tumeshapewa. Nami ule mkungu wa ndizi niliununua kwa furaha, wala sijawahi kuuliza risiti yake mbinguni.

Uliobaki ni wimbo wa msibani, na huu ndio ulionishikisha kalamu.

Mlikuja mkaniimbia siku nilipomzika bibi yenu. Mvua ilikuwa inanyesha na mlisimama tu, hakuna aliyekimbilia barazani, na hilo sitalisahau. Kisha mkaimba, kwa sauti ya marehemu anayetuaga: “Mwili ni gunia tu, nimeliacha njiani.” Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa naitazama sanda. Miaka 46 niliijua ile mikono. Ilipalilia maharage, ilikanda wanangu walipozaliwa, ilinifunga vifungo vya shati mkono wangu ulipovunjika. Nikasema moyoni, gunia?

Sikuwaambia siku ile. Msiba si mahali pa kusahihishana. Nawaambia leo.

Tunakiri kila Jumapili “ufufuo wa mwili”. Hatusemi roho imetoroka gerezani. Wenye kusema hivyo walikuwapo tangu zamani, na kule Athene walipomsikia Paulo akitaja ufufuo wa wafu, wengine walimdhihaki. Mungu aliuumba mwili, akauona kuwa mwema, akauvaa mwenyewe tumboni mwa Mariamu. Nao waliokwenda kaburini siku ya tatu hawakukuta mwili umeachwa, walikuta sanda. Aliyefufuka alikuwa na makovu ambayo Tomaso aliambiwa ayaguse. Aliomba chakula, Luka anasema, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao.

Mmewahi kujiuliza Pontio Pilato anatafuta nini ndani ya Imani ya Mitume? Ukimwacha Bwana wetu, humo mna majina mawili tu ya wanadamu: mama aliyemzaa na liwali aliyemtoa auawe. Hadithi za sungura na fisi huanza “hapo zamani za kale”, na hakuna anayeuliza ni lini. Imani inasema “zamani za Pontio Pilato”. Huyo alitawala Uyahudi kwa niaba ya Rumi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walilikuta kule Kaisaria jiwe lenye jina lake. Tunataja mtawala na zamu yake kwa sababu tunasema jambo lilitokea, mahali fulani, kwa mwili wa mtu fulani. Paulo hakulilainisha: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Angeweza kusema tutabaki na mafundisho yake mazuri. Hakusema.

Kwa hiyo tunapoosha maiti, tukaivika, tukachimba kaburi kwa vipimo, tukaweka msalaba na tarehe, hatufanyi hivyo kwa adabu tu. Tunaweka kitu ambacho mwenyewe atakuja kukichukua. Ndiyo maana tunalia pia, na hakuna aliye na haki ya kumwambia mfiwa asilie kwa sababu “aliyekwenda yuko pazuri”. Yesu alijua kwamba baada ya dakika chache atamwita Lazaro atoke, na bado alilia machozi.

Alhamisi saa kumi jioni nitakuja mazoezini, njooni na daftari zenu. Wimbo wa tatu mtunzi aubadilishe beti mbili za mwanzo. Kiitikio ni kizima. Wa msibani msiuguse mahadhi yake, nayapenda. Mstari ule tu. Nimejaribu kuuandika upya usiku wa jana, na nimehesabu mizani kwa vidole mara tatu, saba na nane, kama yenu:

“Mwili wangu ni mbegu, mmeipanda shambani.”

Ukiwashinda kwenye besi, niambieni mapema, maana ndio nitakaotaka mniimbie.

Babu yenu,
mwinjilisti mstaafu